Sajini Krause na Suruali Kuukuu: Ngano za Kijerumani na Somo Lake kwa Askari Aliye Mbau

Tarafa ya Mbau imo katika wilaya ya Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Ni vita vilivyolifanya jina lake lijulikane mbali. Tarehe 5 Oktoba, 2017, watu wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi vya mji wa Mocímboa da Praia. Mwezi Agosti 2020 waliuteka mji wenyewe pamoja na bandari yake. Mwezi Agosti 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliukomboa mji huo, kisha yakasonga mbele hadi Mbau, ambako waasi walikuwa wamejenga ngome zao. Katika miaka hiyo watu zaidi ya laki nane wa jimbo hilo walizikimbia nyumba zao.

Hasara ya nyumba, mashamba na mashua huweza kuhesabiwa. Iko mali nyingine ambayo ni shida kuihesabu, nayo ni hadithi za wenyeji. Wilayani humo husikika Kimwani, lugha iliyo jirani kabisa na Kiswahili, pamoja na Kimakonde na Kimakua; na kila lugha ina ngano zake. Mzee aliyekimbia usiku hakuweza kubeba godoro wala jembe, lakini hadithi alizichukua kichwani. Taabu ni kwamba wasikilizaji wake wametawanyika. Mjukuu mmoja yuko kambi hii, wa pili yuko mji ule, na wa tatu hajulikani aliko. Msimulizi asiye na wa kumwitikia hunyamaza, na akifa amenyamaza, hadithi zake huzikwa pamoja naye.

Huenda askari akauliza: hadithi za jioni zamhusu nini mtu mwenye bunduki begani? Swali hilo ni la haki. Jibu lake tutalitafuta mbali kidogo, katika nchi ya Ujerumani, kwa askari mmoja mzee aliyekuwa na hadithi nyingi na suruali chache.

NDUGU WAWILI WA KASSEL

Watu wengi duniani wamezisikia ngano za Kijerumani hata kama hawajui asili yake: binti aliyevaa kofia nyekundu akakutana na mbwa mwitu, watoto wawili waliotupwa msituni, binti aliyelala usingizi wa miaka mia. Waliozifanya zijulikane ni ndugu wawili, Jacob Grimm aliyezaliwa mwaka 1785 na Wilhelm Grimm aliyezaliwa mwaka 1786, katika mji wa Hanau. Baba yao alifariki mwaka 1796, nao wakakua katika dhiki.

Yafaa ieleweke kwamba kazi yao ilianza wakati wa vita na utawala wa kigeni. Mwaka 1806 majeshi ya Ufaransa yaliingia mji wa Kassel, walikokuwa wakiishi ndugu hao. Mwaka uliofuata Napoleon alimweka mdogo wake Jérôme kuwa mfalme wa dola mpya ya Westphalia, ambayo Kassel ilikuwa mji mkuu wake. Dola hiyo ilidumu hadi mwaka 1813. Jacob mwenyewe aliajiriwa kuwa mtunza maktaba wa mfalme huyo wa kigeni. Ujerumani wakati huo haikuwa nchi moja, bali ilikuwa dola nyingi ndogo ndogo. Ndugu hao waliona kwamba lugha na hadithi ndizo mali iliyobaki mikononi mwa watu wao, na kwamba wazee waliozijua walikuwa wakipungua.

Kitabu chao cha kwanza kilitoka mwishoni mwa mwaka 1812 kikiwa na hadithi 86. Cha pili kilifuata mwaka 1815 na hadithi 70. Waliendelea kuongeza, kupunguza na kurekebisha hata toleo la mwaka 1857, ambalo kwa hesabu yao lilikuwa na hadithi 200 na visa 10 vya dini.

Wengi hudhani kwamba ndugu hao walitembea kijiji hadi kijiji wakiwa na daftari mkononi. Sivyo ilivyokuwa. Sehemu kubwa ya hadithi waliletewa nyumbani na mabinti wenye elimu wa jamaa walizozoeana nazo mjini, kama jamaa ya Wild na jamaa ya Hassenpflug. Hata hivyo, walikuwamo pia watu wa kawaida. Mmoja wao alikuwa Dorothea Viehmann, aliyezaliwa mwaka 1755, mke wa mshonaji, ambaye alikuwa akileta mboga kuuza Kassel. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, mahali walipopita wasafiri, mafundi na waendesha mikokoteni. Bibi huyu aliwapa ndugu Grimm hadithi zipatazo 40. Alisimulia kwanza kwa mwendo wa kawaida, kisha akarudia polepole ili waandike. Na akiteleza neno alijisahihisha mara moja. Ndugu hao walimsifu katika utangulizi wa kitabu cha pili, na picha yake ikachapishwa katika toleo la mwaka 1819.

MZEE WA HOOF

Msimulizi mwingine hakupata heshima kama hiyo. Jina lake lilikuwa Johann Friedrich Krause, mkazi wa kijiji cha Hoof, karibu na Kassel. Alikuwa sajini mstaafu wa askari wa farasi. Umri wake ulikuwa umepita miaka 60, na utumishi wake wote haukumwachia kitu. Aliwapelekea ndugu Grimm hadithi, na badala yake akaomba nguo kuukuu, suruali hasa. Hivyo ndivyo hadithi kadhaa za kitabu hicho mashuhuri zilivyonunuliwa: kwa suruali zilizokwisha kuvaliwa.

Nchi ya Hesse, alikotoka Krause, ilijulikana Ulaya nzima kwa biashara ya askari. Katika vita vya Marekani vya kudai uhuru, mtawala wa Hesse-Kassel aliikodisha Uingereza maelfu ya vijana wake, na fedha zikaingia katika hazina yake. Si ajabu basi kwamba katika nchi kama hiyo askari wazee walikuwa na mengi ya kusimulia.

Miongoni mwa hadithi alizozitoa Krause iko moja ambayo kila askari na kila polisi yafaa aijue. Tunaisimulia hapa kwa ufupi, kwa lugha yetu.

MBWA ALIYEITWA SULTANI

Palikuwa na mkulima mwenye mbwa aliyeitwa Sultani. Mbwa huyo alimtumikia kwa uaminifu hata akazeeka, meno yote yakamtoka. Siku moja mkulima alimwambia mkewe, "Kesho nitampiga risasi Sultani, maana hana kazi tena." Mke alimhurumia mnyama aliyewatumikia miaka mingi, lakini mume akasema, "Hana hata jino moja. Hakuna mwizi anayemwogopa. Kama alitutumikia, nasi tulimlisha."

Sultani alikuwa amelala juani karibu nao, akasikia kila neno. Jioni akaenda msituni kwa rafiki yake mbwa mwitu, akamlilia. Mbwa mwitu akamwambia, "Usihuzunike. Kesho bwana na bibi watakwenda kukata majani, nao watamlaza mtoto wao kivulini. Mimi nitatoka nimnyakue. Wewe nikimbize kwa kelele, nami nitamwangusha. Wataamini umemwokoa."

Ikawa vivyo hivyo. Mkulima alipomwona Sultani akimrudisha mtoto mzima, alimpapasa, akaapa kwamba hataguswa hata unywele mmoja, na kwamba atakula mkate wa bure maisha yake yote. Mkewe akapika uji wa mkate, kwa kuwa mzee hana meno, na akaletewa mto wa kulalia.

Baada ya siku chache mbwa mwitu alikuja kudai. "Rafiki yangu," alisema, "siku hizi maisha ni magumu. Nikija kuchukua kondoo mmoja mnono wa bwana wako, wewe utafumba jicho."

Sultani akamjibu, "Hilo usilitarajie. Kwa bwana wangu nitabaki mwaminifu."

Mbwa mwitu alidhani ni maneno ya mdomoni tu. Usiku alikuja. Sultani alikuwa amekwisha kumwarifu mkulima, naye mwizi akapata kipigo alichostahili. Akaondoka akitukana, akaahidi kulipiza.

Kesho yake mbwa mwitu alimtuma nguruwe mwitu kumwita Sultani msituni wapigane. Sultani hakupata wa kumsindikiza ila paka mwenye miguu mitatu. Paka alikwenda akichechemea, mkia ameusimamisha juu kwa maumivu. Adui zake walipomwona kwa mbali, walidhani mkia ni upanga. Na kila alipochechemea walidhani anainama kuokota jiwe. Wakaogopa. Nguruwe akajificha kichakani, mbwa mwitu akaruka juu ya mti. Sikio la nguruwe lilikuwa limechomoza. Lilipotikisika, paka alidhani ni panya, akaliuma kwa nguvu. Nguruwe akakimbia akipiga kelele kwamba mwenye hatia yuko juu ya mti. Sultani na paka wakatazama juu. Mbwa mwitu akaona haya kwa woga wake, akakubali kufanya amani.

Hadithi ndiyo hiyo. Msomaji afikirie ni nani aliyeitoa: sajini mzee asiye na suruali. Mtu huyo alijua vizuri maana ya kusikia bwana wako akisema kwamba huna kazi tena. Hata hivyo, mbwa wake hakugeuka kuwa mwizi. Na tuangalie pale palipo pagumu: Sultani alikuwa na deni kwa mbwa mwitu. Mwizi huyo ndiye aliyeokoa maisha yake. Alikuwa na njaa jana, na aliyemsaidia ni adui wa nyumba anayoilinda. Askari wa kizuizini, mwenye mshahara uliochelewa na mtoto mgonjwa nyumbani, ambaye mfanyabiashara wa magendo amemkopesha fedha ya dawa, anaijua hali hiyo bila kufafanuliwa. Siku ya kudai itafika, naye ataambiwa afumbe jicho moja tu, kwa kondoo mmoja tu.

Hadithi haimsifu mkulima. Inaonyesha kwamba ukatili wake ndio uliompeleka mlinzi kwa mwizi. Hapo yako mafunzo mawili, moja la mlinzi na moja la mwenye nyumba, na si haki kumsomea mlinzi lake na kumfichia mwenye nyumba lake.

ASKARI ALIYEACHISHWA KAZI

Mkusanyo wa ndugu Grimm una hadithi nyingi za askari aliyeachishwa kazi, na nyingi huanza kwa namna moja. Vita vimekwisha, mfalme hana haja naye tena. Katika hadithi ya taa ya buluu, askari aliyetumika miaka mingi na kujaa majeraha anaambiwa aende zake, kwa kuwa mshahara ni wa anayetumika tu. Katika hadithi ya watu sita waliosafiri dunia nzima, shujaa anapewa senti tatu za njiani. Katika hadithi ya mtu wa ngozi ya dubu, askari anarudi kwa kaka zake baada ya amani, nao wanamwuliza atawafaa nini, kwa kuwa vita havipo tena. Kisha ndipo maajabu yanapoanza: mzimu wa taa, wenzi wenye nguvu zisizo za kawaida, au mkataba na shetani. Mwisho wake askari hupata haki yake, mara nyingi kwa kumfedhehesha mfalme.

Hadithi hizi zilisimuliwa na watu waliowaona askari vilema wakiomba barabarani. Hazikuwa na njia ya kumpatia askari kiinua mgongo, basi zikampa taa ya miujiza.

Jambo hili halikubaki hadithini, na lilifika hata Cabo Delgado. Mwezi Novemba 1917 askari Waafrika waliopigana chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani walivuka mto Ruvuma huko Ngomano na kuingia katika nchi hiyo. Walitembea na kupigana mwaka mzima, hadi waliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, mwezi Novemba 1918. Mwaka 1964, miaka 46 baadaye, ndipo Ujerumani Magharibi ilipoleta fedha za kuwalipa wazee waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba wengi wao hawakuwa na cheti chochote. Basi mlipaji akampa kila mmoja ufagio mkononi na kumwamuru gwaride kwa Kijerumani, na askari wa kweli wakajulikana kwa jinsi walivyoutii mwili wao uliokumbuka. Kisa hicho kingeweza kuingia katika kitabu cha ndugu Grimm bila kubadilishwa sana.

PAA NA BWANA WAKE

Pwani yetu nayo ilikuwa na ngano zake juu ya utumishi na shukrani, hata kabla ya Mjerumani yeyote kufika kuzikusanya. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alichapisha mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi za Unguja. Mojawapo ni hadithi ya Sultani Darai. Humo maskini aliyechakura jaani aliokota thumni, akanunua paa. Paa huyo aliweza kusema. Alipata almasi, akaenda kwa Sultani kumposea bwana wake binti, akaua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana nyumba iliyojaa mali. Kisha paa akaugua. Bwana hakwenda kumtazama. Aliamuru apewe uji wa chakula hafifu. Paa akafa kwa uchungu, akatupwa kisimani. Watu wote wakamlilia isipokuwa yule aliyemtumikia. Usiku yule bwana aliota yuko jaani. Alipoamka akajikuta yuko jaani kweli, akichakura kama zamani.

Wajuzi wa hadithi wanaijua ndugu yake wa Ulaya, hadithi ya paka aliyevaa viatu, ambayo ndugu Grimm waliichapisha mwaka 1812 kisha wakaiondoa katika toleo la 1819 kwa kuona kwamba asili yake ni Ufaransa. Paka huyo alimtajirisha bwana wake na mambo yakaishia kwenye furaha. Msimulizi wa Unguja alifika mahali hapo akaendelea mbele, akauliza swali ambalo paka wa Ulaya hakuulizwa: bwana atamfanyaje mtumishi wake siku atakapougua?

WALIOSIMULIA NA WALIOANDIKA

Wajerumani walipoitawala Tanganyika walikusanya hadithi zetu kwa bidii ile ile waliyojifunza kwa ndugu Grimm. Carl Büttner alitoa mkusanyo wake mwaka 1894, na Carl Velten akatoa wa kwake mwaka 1898. Mwaka huo huo wa 1894 Wajerumani waliikalia Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma, katika pwani hiyo ya Cabo Delgado. Walikaa huko hadi Wareno walipoirudisha mwaka 1916. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alifika Lindi na kupanda nchi ya juu ya Wamakonde, akisindikizwa na askari na akichukua mashine ya kunasa sauti. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeikumba nchi hiyo mwaka uliotangulia. Watu aliowarekodi, Wamakonde, Wamakua na Wayao, wana ndugu zao ng'ambo ya Ruvuma.

Kazi hizo zina faida mpaka leo, maana zimehifadhi maneno ambayo yangepotea. Lakini tukiuliza majina ya waliosimulia, mara nyingi tunakuta kimya. Mfano mkubwa ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Yeye ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichotoka mwaka 1903 kwa jina la Velten. Mtoro alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akamwoa mwanamke Mjerumani. Mwaka 1905 walipotaka kurudi Afrika ya Mashariki pamoja, serikali ya kikoloni ilimkatalia mkewe kushuka. Walirudi Ujerumani, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Aliwafundisha watawala lugha ya nchi yake, na nchi yake yenyewe akafungiwa mlango. Aliyemsoma paa wa Sultani Darai atamtambua.

HADITHI YENYE SUMU

Ingekuwa kosa kuzisifu ngano zote kwa jumla. Katika kitabu cha ndugu Grimm imo hadithi ya Myahudi miibani, ambayo mtumishi mwenye fidla ya ajabu anamlazimisha Myahudi kucheza katikati ya miiba hadi anatoka damu, na mwishowe Myahudi ananyongwa, na msikilizaji anatarajiwa kucheka. Hadithi hiyo ilisimuliwa kwa miaka mingi kama kichekesho. Chini ya Hitler, kuanzia mwaka 1933, watawala walizitumia ngano za Grimm shuleni kukuza fikra zao, na vijana waliolelewa kwa vichekesho vya namna hiyo wakaja kutumiwa katika mauaji ya Wayahudi milioni sita.

Ndugu Grimm wenyewe walizibadili hadithi walipozirudia. Katika toleo la kwanza mama mzazi wa binti mweupe kama theluji ndiye aliyetaka kumwua. Katika toleo la 1819 akawa mama wa kambo. Nia yao ilikuwa kumwondolea mama mzazi aibu, lakini mzigo ukawaangukia mama wa kambo wote. Anayesimulia upya ana madaraka juu ya kile anachokiongeza na kile anachokiacha.

Askari aliye katika nchi yenye Wamwani, Wamakonde na Wamakua, ambako vita vimeacha shuku baina ya majirani, hana budi kulikumbuka hilo. Kisa cha kulicheka kabila fulani kikirudiwa kambini na mwenye sare hupata uzito ambao hakikuwa nao kilipotolewa kijiweni.

KAZI YA ASKARI ALIYE MBAU

Sasa turudi Mbau. Askari hakutumwa huko kukusanya hadithi, na lindo lake lina haki ya kwanza. Lakini yeye anakaa mahali ambapo mtafiti ni nadra kufika, na jioni hukaa karibu na wenyeji waliorejea. Akisikiliza kwa adabu, anaweza kuokoa kitu ambacho hakuna atakayekirudisha baada ya miaka kumi.

Jambo la kwanza la kuangalia ni bunduki. Mtu mwenye silaha akimwambia mzee "nisimulie", mzee hana uhuru wa kukataa. Krause alisimulia kwa sababu ya uchi. Isije ikawa mzee wa Mbau anasimulia kwa sababu ya hofu, au kwa sababu ya biskuti za jeshi. Njia iliyo bora ni kubadilishana, hadithi kwa hadithi, na mgeni ndiye aanze. Kwa mfano, asimulie ile ngano ya Kijerumani ya sungura na kalunguyeye. Sungura alimcheka kalunguyeye kwa miguu yake iliyopinda, wakawekeana dau la kushindana mbio. Kalunguyeye akamficha mkewe mwisho wa shamba, kwa kuwa wawili hao hawatambulikani mmoja na mwingine. Kila sungura alipofika upande huu alimkuta mke amekwisha kufika. Akirudi upande ule anamkuta mume. Alikimbia hivyo mpaka mara ya 74, akaanguka akafa. Msikilizaji wa Afrika ya Mashariki atacheka kabla kisa hakijaisha, maana anamjua kobe aliyewapanga ndugu zake njiani na kumshinda mwenye mbio. Atasema, "Sisi twaisimulia namna nyingine." Hapo ndipo askari anyamaze, asikilize.

Jambo la pili ni kwamba hadithi isigeuzwe upelelezi. Kazi ya kupata habari za adui ina wakati wake na watu wake. Mwananchi akigundua kwamba alichokisema katika hadithi kimeandikwa kama ripoti, hatasimulia tena, wala hataamini tena. Atafunga kinywa hata siku anapojua njia aliyopita mwenye silaha. Kikosi kitakuwa kimepoteza hadithi na usalama kwa pamoja.

Jambo la tatu ni uandishi wenyewe. Daftari moja la shule latosha. Hadithi iandikwe kwa lugha ya msimulizi, hata kama mwandishi anaona maneno yake si Kiswahili sanifu. Kimwani si Kiswahili kilichokosewa. Aombwe kuirudia mara ya pili polepole, kama alivyofanya Bibi Viehmann. Aulizwe kama anapenda jina lake liandikwe, maana yupo ambaye kwake kuandikwa ni heshima, na yupo ambaye kwake ni hatari. Kila mmoja aheshimiwe. Paandikwe kijiji alikozaliwa, aliyemsimulia yeye, na tarehe. Nakala moja ibaki kwa mwalimu wa hapo hapo, ili watoto waliorejea wasije wakaitafuta hadithi ya babu yao katika maktaba ya nchi ya mbali.

Ndugu askari na polisi, watu wa Mbau wamewaona wengi wenye silaha wakija na kuondoka. Wengine walikuja kuchoma, wengine kuokoa, na wote walikuwa na mengi ya kuwaamuru. Aliyekaa chini akawaomba kisa na kukiandika kwa jina la mwenyewe atakumbukwa kwa namna nyingine. Naye siku atakapovua sare, atakapokuwa mzee kama Krause, atajua thamani ya mtu anayekuja mlangoni, anayevuta kigoda na kusema: "Mzee, tusimulie ulivyoyaona."